Kutengeneza Si Kuficha



Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya kitu kidogo kiwezacho kufumbatwa kiganjani, nacho ni saa ya mkono. Walakini hatuneni habari ya kila saa. Twanena habari ya saa za kale walizopewa marubani na waongoza njia wa majeshi ya anga katika Ulaya na Marekani, hasa wakati wa vita vya 1939 hata 1945, na miaka iliyofuata. Leo wako watu wengi wazitafutao saa hizo minadani na katika maduka ya vitu vya kale. Huzinunua kwa fedha nyingi, kisha huwapa mafundi wazitengeneze zipate kwenda tena. Labda mmoja wenu atauliza: Mambo hayo yatuhusu nini sisi? Twajibu: Yatuhusu, kwa sababu ndani yake limo swali lililo kubwa kuliko saa. Kitu kilichochakaa kikitengenezwa, maana yake nini? Je, ni kukifanya kionekane kipya, au ni kukirudishia kazi yake na kweli yake? Fundi wa saa hulijibu swali hili kila siku kwa mikono yake, na kila mmoja wetu hulijibu kwa mwenendo wake.

Kwanza, tufahamu saa hizi zilifanywa kwa kazi gani. Mtu arukaye usiku juu ya bahari haoni mlima, wala mto, wala taa za mji. Siku zile mwongoza njia alipima kwa chombo chake kimo cha nyota, akaitazama saa, kisha akafungua kitabu cha hesabu za nyota, apate kujua yuko mahali gani. Basi dunia huzunguka digrii 15 kwa muda wa saa moja. Kwa hiyo, kwenye mstari wa ikweta, saa ikikosa sekunde 4 tu, mtu hujidhania yuko mbali na mahali pake kwa maili moja ya bahari, ndiyo meta 1,852. Ikikosa nusu dakika, amepotea maili saba na nusu, karibu kilometa 14, wala hajui kwamba amepotea. Hilo ndilo la kuogofya. Saa iliyosimama humwonya mwenyewe, kwa kuwa aiona imesimama. Bali saa ikosayo kidogo huendelea kupiga, uso wake ni safi, akrabu zake zazunguka vema, nayo humpeleka mtu asikotaka.

Kwa ajili hiyo majeshi yalitaka saa zilizo amini kabisa. Wajerumani walikuwa na saa ya mwangalizi, yenye upana wa milimeta 55, iliyovaliwa juu ya mkono wa koti nene kwa ukanda mrefu wa ngozi. Nyumba tano za kazi zilizifanya: A. Lange & Söhne, Wempe, Laco na Stowa za Ujerumani, na IWC ya mji wa Schaffhausen katika Uswisi. Ubavuni mwa saa ilichorwa alama FL 23883. Wamarekani walikuwa na saa iitwayo A-11, iliyofanywa na Elgin, Waltham na Bulova. Waingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940, walipata saa iitwayo Mark 11, iliyofanywa na IWC na Jaeger-LeCoultre, ambayo jeshi lao la anga lilidumu nayo miaka mingi. Saa hizi zote zilikuwa na jambo moja: mtu akivuta kifundo cha kutilia ufunguo, akrabu ya sekunde husimama. Hivyo wale waendao pamoja walisimamisha saa zao, wakangoja ishara moja, kisha wakaziachilia kwa pamoja. Hakuna aliyesema, “Yangu yanitosha.” Kila mmoja alirekebisha saa yake kwa kipimo kilicho nje yake mwenyewe.

Mji wa Schaffhausen tuliokwisha kuutaja watupa somo lenye machozi. Uswisi haikupigana katika vita vile. Lakini mji ule uko kaskazini ya mto Rhine, nao karibu wazungukwa na nchi ya Ujerumani. Tarehe 1 Aprili 1944 ndege za Marekani zilitumwa kuupiga Ludwigshafen, mji wa Ujerumani. Mawingu yalikuwa mengi, upepo ulikuwa na nguvu kuliko walivyodhani, na vyombo vya kuonea njia vikawashinda. Baadhi yao wakapotea zaidi ya kilometa 200, wakauona mji chini yao, wakadhani ni wa adui, wakamwaga mabomu. Watu 40 walikufa. Hata kiwanda cha saa cha IWC kilipigwa: bomu moja lilipasua paa lake, walakini halikulipuka. Hatusemi kwamba saa ndizo zilizowapoteza wale marubani. Twasema hili tu, ya kuwa mji uliowafanyia watu wa anga saa za kuwaonyesha njia ulipigwa na watu wa anga waliopoteza njia. Ni nani atakayesema tena kwamba kipimo kikikosa si neno? Serikali ya Marekani ilikiri kosa lile, ikalipa fidia, lakini waliokufa hawakurudi nyumbani kwao.

Basi sifa ya saa hizi si dhahabu, maana nyingi ni za madini ya kawaida tu. Sifa yake ni kusema kweli. Na kwa hiyo kuitengeneza saa ya namna hii ni kuirudisha iseme kweli.

Tazameni afanyavyo fundi mwaminifu. Hana haraka. Hufungua kifuniko cha nyuma, akalegeza kwanza kamani kuu pole pole, kwa maana kamani iliyokazwa ikifunguka ghafula yaweza kuharibu magurudumu. Kisha hutoa kila kitu kimoja kimoja, akakiweka mahali pake, akakichungulia kwa kioo cha kukuzia. Mara nyingi haoni kitu kilichovunjika. Aonacho ni mafuta ya kale. Mafuta yale yalitiwa ili kulainisha mwendo, lakini kwa miaka mingi yamekauka yakawa kama gundi, nayo sasa yaizuia kazi ile ile yaliyotiwa kuisaidia. Huyaosha yote, kisha hutia mafuta mapya, tone lililo dogo kuliko kichwa cha pini, tena pale panapostahili tu. Nyingi za saa hizi hupiga mara 18,000 kwa saa moja, ndiyo mara 432,000 usiku na mchana. Uchafu usioonekana kwa macho ukizuia kila pigo kidogo, hata kesho yake kosa limekuwa kubwa.

Sisi Walutheri neno hili matengenezo si geni masikioni mwetu. Martin Luther alipoanza kazi yake mwaka 1517 hakukusudia kujenga kanisa jipya kando ya lile la kale. Alifungua kifuniko, akaonyesha mahali mafuta yalipoganda. Desturi nyingi zilizotiwa zamani ili kumsaidia mtu amfikie Mungu zilikuwa zimekuwa gundi miguuni pake. Na msidhani, ndugu, kwamba mafuta yetu sisi hayagandi.

Tena yuko adui mwingine wa saa, asiyeonekana kabisa, naye ni sumaku. Ndani ya saa mna kamani ndogo, nyembamba kama unywele, iongozayo gurudumu la mizani. Ikishikwa na sumaku, mizunguko yake hushikamana, nayo saa huanza kwenda mbio. Mwenye saa aona inakwenda kwa bidii, akafurahi, kumbe bidii ile ni ugonjwa. Kwa sababu hiyo Mark 11 na zile za Wajerumani zilitiwa kasha la chuma laini kwa ndani, ili lipokee nguvu ya sumaku na kuipitisha kando. Mtu naye aweza kushikwa hivyo. Aenda mbio katika kazi za usharika, aongoza hiki na kile, nasi twamsifu, walakini kiongozacho moyo wake ni cheo au fedha. Fundi hamsifu aendaye mbio. Hulinganisha saa na kipimo cha kweli, kisha huiondolea sumaku.

Lakini yuko fundi wa namna nyingine. Huyu autazama uso wa saa uliofifia, asema moyoni, “Wanunuzi wapenda kipya.” Aufuta wote, aupaka rangi, aandika tarakimu nyingine juu yake. Alisugua kasha hata pembe zake zinaviringika na alama za jeshi zinafutika. Pengine achukua mtambo wa saa moja, uso wa saa ya pili na kasha la tatu, aviunganisha, auza kana kwamba ni saa moja tangu kuzaliwa kwake. Wako hata wachorao alama ya mshale mpana, ndiyo alama ya mali ya serikali ya Uingereza, juu ya saa ambayo haikuvaliwa na askari ye yote, kusudi bei ipande. Saa hiyo yaweza kwenda barabara, ikionyesha adhuhuri ni adhuhuri kweli. Hata hivyo ni shahidi wa uongo, kwa kuwa yasema kweli juu ya jua na uongo juu ya nafsi yake. Na njia ya mwongo ni fupi. Siku moja mwenye kujua atafungua kifuniko, atasoma nambari zilizo ndani, ataona hazipatani. Ndipo mnunuzi aliyetoa akiba yake ya miaka atakapojua kwamba amenunua rangi.

Hapo labda mtauliza: Je, kila cha kale na kiachwe kama kilivyo? La, sivyo. Sikilizeni habari ya radiamu. Ili tarakimu zionekane gizani, zilipakwa rangi yenye radiamu, madini waliyoyagundua Pierre na Marie Curie mwaka 1898. Katika Marekani, tangu siku za vita vya kwanza, wasichana waliajiriwa kupaka nyuso za saa na za vyombo vya ndege. Waliambiwa kwamba rangi ile haidhuru, nao wakafundishwa kuichongoa brashi kwa midomo yao. Taya zao zikaoza, mifupa yao ikavunjika, wengi wakafa wangali vijana. Mwaka 1928 wanawake watano wa New Jersey, mmoja wao jina lake Grace Fryer, walipata fidia kwa njia ya mashtaka, lakini afya haikurudi. Hao nao wamo katika habari za saa hizi, ingawa majina yao hayakuandikwa usoni pake.

Nuru ile katika saa za kale sasa imezimika, maana unga uliokuwa uking'aa umechakaa. Bali radiamu yenyewe ingalipo. Huchukua miaka kama 1600 kupungua nusu. Tangu alipofariki Augustino, askofu wa Hippo, mwaka 430, hata siku zetu hizi, ndio muda kama huo. Nuru imekwisha, sumu imebaki. Wazee walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo fundi mwenye akili haikwangui rangi ile ikiwa kavu, haipulizi kwa kinywa, hali chakula penye meza ya kazi, wala hawaachii watoto uso wa saa uliofunguliwa. Naye amwuziaye mwenzake saa ya namna hiyo asinyamaze. Kunyamaza kwake ni kama kusema tena yale waliyoambiwa wale wasichana.

Basi hapa pana hekima ya kutofautisha. Kovu si sumu. Mkwaruzo wa kasha, rangi iliyogeuka kuwa ya udongo, alama ya jeshi, hayo ni makovu: yasema saa hii ilikuwa wapi na ilipata nini. Yaacheni. Kutu ilayo gurudumu, mafuta yaliyoganda, vumbi la radiamu, hayo ni sumu. Kwa hayo usione haya wala huruma, yashughulikie. Mtengenezaji mbaya hugeuza jambo hili: huyafuta makovu kwa kuwa yaonekana, na huiacha sumu kwa kuwa haionekani.

Liko tendo moja la Waingereza litufundishalo njia iliyo njema. Katika miaka ya 1960 waliona hatari ya radiamu, wakaiondoa katika nyuso nyingi za Mark 11, wakapaka mahali pake rangi ya tritiamu, ambayo hupungua nusu kwa miaka kama 12 tu. Na juu ya uso waliandika herufi ndogo, T, ndani ya duara. Herufi ile ni ungamo. Yasema: “Uso huu umebadilishwa, na jambo lililofanywa ni hili.” Ndiyo sababu wajuzi hawaiiti saa hiyo ya uongo, ijapokuwa imepakwa upya. Kubadilishwa si aibu. Aibu ni kubadilishwa kisha kukana. Na fundi mwaminifu wa leo hufuata desturi ile: akiweka kifaa kipya huandika katika karatasi yake amebadili nini, akampa mwenye saa na kile cha kale.

Neno moja limebaki, tusilipite kwa kunyamaza. Saa hizi ni vyombo vya vita. Nyingine zilivaliwa na watu waliotumikia utawala mwovu wa Hitler, na pande zote zilionyesha saa ya kumwaga moto juu ya miji yenye wanawake na watoto. Je, Mkristo aweza kuvitunza vitu vya namna hiyo? Sisi twasema hivi: Akivitunza ili ajivunie, akaipenda nguvu ya vita na kuiona nzuri, amejifanyia sanamu ndogo yenye ukanda wa ngozi. Vivyo hivyo yeye atoaye mshahara wa nyumbani kwake kununua saa ya kumi na moja hali watoto wake wana haja. Bali akivitunza ili jambo lisisahauliwe, basi asizifute alama zake. Alama FL 23883 ikifutwa ili saa ionekane ya mtu mwema, waliopigwa hawakupata faraja kwa hilo, na sisi tumepoteza shahidi. Twaweza kutengeneza chombo kilichotumika kwa ubaya. Hatuna ruhusa kukitungia maisha mengine.

Sasa, ndugu walimu na wazee, turudi kwetu. Mtu aliyeanguka arudipo kanisani, twamtengenezaje? Wako wapendao kumpaka rangi: asimame mbele ya watu, aseme maneno machache, avae nguo safi, ahesabiwe tena mezani pa Bwana, wala pasiwe na mtu aliyemsaidia kufungua kifuniko na kutazama mahali palipoganda. Wengine, kinyume chake, humkwaruzia makovu yake kila siku, kana kwamba hayo ndiyo sumu. Zote mbili si kazi ya fundi. Kazi ya fundi ni kuketi naye kwa saburi, kulegeza kwanza kilichokazwa, kuosha pale palipo na uchafu, kisha kumrudishia kazi aliyoumbwa aifanye. Kovu lake na libaki. Huenda kovu lile ndilo litakalomwamini mtu mwingine aliyeanguka, aje aombe msaada.

Vivyo hivyo katika vitabu vya usharika. Hesabu ikiwa na kosa, lisifutwe kwa wembe, bali lipigwe mstari na iandikwe pembeni kilichosahihishwa na siku yake, kama ile herufi T ndani ya duara. Vivyo hivyo katika habari tunazowasimulia watoto wetu juu ya baba zetu na juu ya kanisa letu. Tusizing'arishe hata pembe zake zote zikaviringika. Bwana wetu aliwakemea vikali watu waliopendeza kwa nje huku ndani mmejaa mauti.

Tena tusingoje mpaka tusimame kabisa. Wafaransa, katika saa zao za jeshi la anga ziitwazo Type 20, za miaka ya 1950, walichora nyuma herufi FG pamoja na tarehe, maana yake mwisho wa dhamana. Siku ile ilipokaribia, saa ilipaswa kurudi kwa fundi ikaguliwe, ijapokuwa yaonekana nzima. Ziko saa zenye tarehe kadhaa nyuma yake, moja chini ya nyingine, kwa maana zilirudi tena na tena. Twawauliza ninyi, nasi twajiuliza wenyewe: tarehe yetu ya mwisho ni ipi? Ni lini tulipomwomba mtu mwaminifu atulinganishe na kipimo kilicho nje yetu?

Na mtu akiogopa kufunguliwa, asema, “Wataona yote yaliyonipata,” na amkumbuke Bwana mwenyewe. Siku ile alipofufuka, mwili wake ulikuwa mzima, mauti haikuwa na nguvu tena juu yake. Alikuwa na uwezo wa kutokea bila alama yo yote. Lakini Tomaso alipoona shaka, alionyeshwa mikono yenye majeraha ya misumari. Mungu alimfufua Mwanawe, wala hakuyafuta makovu yake. Basi fundi aliye mkuu kuliko wote ndivyo atengenezavyo. Sumu ya dhambi aiondoa hata shina lake, na makovu ayaacha yawe ushuhuda.

Tumtolee yeye saa zetu azifungue, angali mchana. Amin.